Hoho Ndani ya Mgomba

Saa tisa usiku umeme wa Bukavu umekatika
nami nimekaa gizani na watoto mia sita wa chupa,
kila mmoja na jani lake, dogo kama ukucha wa kuku.
Jenereta linakohoa mara mbili, linanyamaza.
Napuliza viganja,
kana kwamba pumzi yangu ni jua.

Daktari Muhigirwa hataki niwaite watoto.
"Andika nambari," husema. Naandika nambari.
Lakini 214 ni mvivu wa mizizi,
na 307 aliponea chupuchupu ukungu wa Machi.
Nani asiyewajua wanawe?

Mama alinipigia simu kutoka Kabare:
"Hizo ndizi zenu ni za nini hasa?"
Nikamwambia: Mama, tumechukua neno moja
katika kitabu cha hoho, hoho hilihili
unalokatia sambaza,
tukalishonea katika kitabu cha mgomba.
Ugonjwa ukigusa jani, jani linajiunguza lenyewe
palepale, kidoa kimoja,
na moto hausambai.
Akanyamaza. Nikasikia mbuzi, na mvua juu ya bati.
"Kwa hiyo kasiksi itawasha?"

Hakuwa anatania.

Mwaka mnyauko ulipovuka bonde
ndizi ziliiva kabla ya siku zao,
njano nje, ndani kahawia kama ugoro.
Ukikata shina, linatoka usaha.
Mgomba haushindwi na mkunguwe, wanasema;
yetu ilishindwa na panga letu wenyewe
lililotembea shina hadi shina bila kunawa.
Mama aliangusha mia mbili na kumi,
akaichimbia shimo, akaifukia,
akarudi nyumbani akaosha mitungi ya pombe
na kuipindua, midomo chini, kama mtu aliyefiwa.
Tangu hapo hakati hata kitunguu
kabla ya kupitisha kisu motoni.

"Na Nsimire akija kuniomba chipukizi," aliniuliza,
"nimpe, au niandike barua kwanza?
Niiandike kwa nani?
Mgomba sikuununua mimi. Nilikuja nao kichwani
siku ya kuolewa, na mama yangu vivyo hivyo,
na huyo aliyempa mama yangu hakudai kitu
ila mtungi wa kwanza."

Nikasema, Mama, umeme unakatika hapa, nitakupigia.
Taa zilikuwa zinawaka zote.

Miezi kumi na minne, nyuma ya uzio.
Tuliwapaka ugonjwa kwa sindano, mmoja mmoja;
mstari wa migomba ya kawaida ulilala wote,
mstari wetu ukasimama,
307 akiwa na mkungu wa kubebwa na watu wawili.
Kisha ikasomwa kanuni, ileile tuliyotia saini:
pasiliwe tunda, pasitoke chipukizi.
Kata. Chimba. Fukia.

Mama alifika siku hiyo kwa pikipiki, miguu imejaa tope.
Mlinzi aliandika jina lake daftarini: Cibalonza,
akamvalisha buti nyeupe zisizomtosha.
Alipita katikati ya mistari akigusa mashina
kwa mgongo wa kidole,
kama mtu anayepima homa.
Alipoliona shimo hakuuliza.
"Na wewe," alisema tu. "Na wewe pia."

Akaomba panga. Akaokota maganda ya maharagwe,
akawasha moto mdogo chini ya uzio wa watu wa maabara,
akalipitisha panga, upande huu, upande ule.
Mama, hii haiumwi.
"Najua."

Akamkata 307.
Mkungu ulianguka mzima, mzito, ardhi ikaitika,
na utomvu ukatoka, maji matupu, safi.
Ulimrukia kiganjani. Hakujifuta.
Hatukusemezana hadi Nyawera, magari yakipiga honi,
ndipo akakinusa kiganja, akanionyesha doa:

"Hauwashi."